Ukweli na Tumaini katika Wasia wa Mzazi

Mzazi ana madeni mawili kwa mtoto wake, na madeni hayo hayapatani kwa urahisi. La kwanza ni kweli: amwambie mtoto jinsi ulimwengu ulivyo. La pili ni tumaini: asimvunje moyo kabla hajaanza safari. Akilipa la kwanza peke yake, atamlea mtoto mwenye hofu. Akilipa la pili peke yake, atamlea mtoto atakayedanganywa na mtu wa kwanza atakayemtabasamia. Wahenga walinena ya kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini hawakutueleza mama amfunze nini mwanawe juu ya ulimwengu huo wenyewe. Jambo hilo waliwaachia washairi.

Kwetu sisi tukaao Kitale na Bungoma, swali hili si la vitabuni tu. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, familia nyingi zililala katika mahema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale. Upande wa Mlima Elgon, tangu mwaka 2006 hata 2008, watu waliyakimbia makazi yao kwa mapigano yaliyotokana na ugomvi wa ardhi. Fikiri, msomaji, juu ya mzazi aliyekuwa ndani ya hema usiku, na mtoto akamwuliza kwa nini jirani yao aliichoma nyumba yao. Kusema, "Si kitu, lala," ni uongo. Kusema, "Watu wote ni wabaya," ni uongo pia, tena uongo mkubwa zaidi. Neno lililo katikati ya uongo huu na ule ni gumu kulipata. Kazi ya ushairi wa wasia ni kulitafuta neno hilo.

Katika insha hii nataka tuupime ushairi wa namna hiyo kwa kutazama tungo mbili mashuhuri za Kiswahili, yaani Utendi wa Mwana Kupona na Utenzi wa Hati wa Shaaban Robert. Kisha tuzilinganishe na sanaa ya kusema iliyo hapa kwetu, na mwisho na shairi moja la ng'ambo.

Nitaanza na kisa kidogo. Siku moja tulikuwa tukiusoma Utendi wa Mwana Kupona katika chumba cha darasa mjini Kitale. Tulipofika katikati, msichana mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, niwie radhi. Huyu mama amesema kweli moja akaficha kumi. Anamfundisha binti yake kutii tu. Hamwambii ya kuwa mume aweza kuwa mbaya." Wenzake walicheka, lakini mimi sikucheka. Niliona ya kuwa amegusa mahali ambapo wahakiki wengi hupita kwa haraka. Nilimwahidi jibu, na jibu langu ndilo hili.

Kwanza tumjue mtunzi. Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate, katika visiwa vya Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu, ambaye kwa miaka mingi alipigana na Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Bwana Mataka alikufa mwaka 1856. Yapata miaka 2 baadaye, mwaka 1858, mjane huyu akiwa mgonjwa alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wenye beti zipatazo 100, na haukupita muda mrefu naye akafariki. Kwa hiyo tunaposoma utendi huu tunasoma maneno ya mwanamke ambaye ameona vita, amemzika mume, na anajua ya kuwa maisha yake mwenyewe yamekaribia ukingoni.

Sasa tazama jinsi anavyoanza. Hamwambii binti yake ya kuwa atapona. Anamwita akaribie, kisha anamweleza waziwazi ya kuwa ugonjwa umemshika mwaka mzima, na kwamba katika muda huo hakupata nafasi ya kumwambia neno jema. Huo ndio msingi wa utendi wote. Mama ambaye angetaka kumlaghai mtoto angeanza na mapambo, na habari ya ugonjwa angeiacha nje ya mlango. Mwana Kupona ameuweka ugonjwa wake kizingitini, ili mtoto aingiapo ajue yumo katika nyumba gani. Ndipo anapomwambia ya kuwa atamtungia kidani cha lulu na marijani, maana yake maneno haya ya wasia. Kweli imetangulia na pambo limefuata. Mpango huo si wa bahati. Ni hukumu ya mtu aliyepima kipi mtoto awezacho kukipokea, na kwa utaratibu gani.

Liko jambo la pili ambalo wasomaji wengi hawalioni. Mwana Kupona anamwagiza binti yake alete wino na karatasi. Ni mtoto anayeandika. Mama anasema tu. Pengine mgonjwa hakuwa na nguvu za kushika kalamu, lakini shairi halikuwa na haja ya kututajia wino huo. Limeutaja kwa sababu una kazi. Mtu anayesikiliza aweza kusikia kwa sikio moja na kutoa kwa jingine. Mtu anayeandika hana budi kulipitisha kila neno katika mkono wake. Mama hamwagii binti yake kweli kama maji ya ndoo; anampa kidogo kidogo, mshororo baada ya mshororo, kwa kasi ya mkono wa mtoto mwenyewe. Hapa tunaona ya kuwa ukweli wa mzazi hautoshi kwa kusemwa. Wahitaji pia kupewa kwa kipimo ambacho mpokeaji aweza kukibeba.

Umbo la utendi linasaidia kazi hiyo. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya kwanza vina kina chao, na hicho hubadilika kila ubeti. Lakini kipande cha nne hurudia kina kile kile tangu mwanzo hadi mwisho wa utendi. Kwa hiyo mtoto hupelekwa kwenye jambo jipya, pengine jambo zito, kisha hurudishwa kwenye sauti aliyoizoea. Aenda, arudi, aenda, arudi. Ni kama mtoto anayefundishwa kutembea, ambaye kila baada ya hatua tatu hushika goti la mamaye. Tumaini la utendi halikai katika maana ya maneno peke yake. Limo pia katika kina hicho kinachorudi bila ya kuchoka.

Tuyaendee sasa malalamiko ya yule msichana. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya utendi yahusu mume: jinsi ya kumtunza, kumridhisha, kumwomba ruhusa, na kutazamia radhi yake hata siku ya kiyama. Msichana wa leo asomapo hayo katika shule ya Kitale au Bungoma ana haki ya kuuliza kama huo ni ukweli au ni sheria ya wakati wake tu. Mhakiki mwaminifu hawezi kumjibu ya kuwa ayapokee kwa sababu ni ya zamani. Uzee wa neno si ushahidi wa ukweli wake.

Lakini haki hiyo haituondolei wajibu wa kusoma kwa uangalifu. Werner na Hichens walipouchapisha utendi huu mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, waliupa jina lililoufanya uonekane kuwa ni ushauri juu ya wajibu wa mke. Jina hilo limewaongoza wasomaji wengi kutafuta ndoa peke yake. Ukweli ni kwamba utendi unaanza na dini, adabu na ulimi mwema kabla ya kufika kwa mume, na sehemu ndefu ya mwisho ni dua. Tena, anaposema juu ya ndoa, Mwana Kupona hasemi kama kadhi aliyeketi mbali. Anatoa ushahidi wa nyumba yake mwenyewe: jinsi alivyoishi na mumewe kwa kupatana, na jinsi mume alivyomkariria radhi saa ya kufa kwake. Anamwambia binti yake kile alichokijaribu na kikamfaa. Hakumwambia kile ambacho hakukijaribu, yaani ndoa mbaya. Hapo yule msichana amesema kweli: kuna mlango ambao mama huyu hakuufungua.

Nami nitaongeza mlango mwingine, ulio mkubwa zaidi. Mwana Kupona anamwonya binti yake asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi, kwa hofu ya kuwa watamharibia tabia. Siu ya wakati ule ilikuwa na watumwa, na mama huyu aliyeona mengi hakuona ya kuwa na hao ni wana wa wazazi. Mwanafunzi wa Kitale asipite hapo upesi. Mji huu una mapokeo ya kuwa misafara ya watumwa ilipumzika mahali hapa katika njia yake ya kuelekea pwani. Kwa hiyo ubeti ule ambao Mwana Hashima aliusikia akiwa ndani ya nyumba, sisi huku bara twausikia tukiwa nje, upande wa wale waliotembea. Mahali palikuwapo mama mwingine, ambaye hakuwa na wino wala karatasi, na ambaye mwanawe alichukuliwa kabla ya kupewa wasia wo wote. Utendi haumtaji. Sisi tukiusoma, hatuna budi kumkumbuka.

Je, kasoro hizi zauvunja utendi? Nasema hapana, nami nitatoa sababu yangu. Ukweli wa mzazi una mpaka, na mpaka huo ni macho yake. Hawezi kumwonyesha mtoto asichokiona. Kosa tunaloweza kumlaumu mzazi kwalo ni kuficha anachokijua. Kutojua ni upungufu wa mwanadamu, na upungufu huo waachiwa watoto waujaze. Mwana Kupona alipomtia kalamu mkononi binti yake, alimpa pia uwezo wa kuandika mambo ambayo mamaye hakuyaandika. Hapo ndipo ninapoliona tumaini lake, pengine kubwa kuliko alivyolidhania mwenyewe.

Sehemu ya mwisho ya utendi inalitia nguvu wazo hili. Baada ya kumaliza kumwusia binti yake, mama anamgeukia Mungu. Anawaombea watoto wake na jamaa zake. Na karibu na mwisho anajitaja mwenyewe kuwa ni mgeni mwenye huzuni na dhambi, ahitajiye msamaha. Mtu aliyekuwa akiamuru sasa anaomba. Aliyekuwa mwalimu sasa anakiri upungufu wake, na binti yake, mwenye kalamu, anauandika ukiri huo. Ni wazazi wangapi wanaothubutu kumwandikisha mtoto maneno, "Mimi pia nimekosa"? Naona hapo ndipo utendi unapofika kilele cha ukweli wake. Wala tumaini halikupotea hewani: Mwana Hashima aliishi miaka mingi, akawa hai bado mwanzoni mwa karne ya 20, na wasia wa mamaye ukafika kwa watu ambao mama huyo asingaliweza kuwawazia.

Sasa tushuke pwani hadi Tanga. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akafariki mwaka 1962. Alikuwa karani wa serikali katika nchi iliyotawaliwa na wageni, akiishi kwa mshahara. Alifiwa na mkewe, Amina, akabaki na watoto. Habari hiyo ameisimulia katika kitabu cha maisha yake. Aliwatungia wanawe tenzi mbili: Utenzi wa Hati kwa binti, na Utenzi wa Adili kwa mwana wa kiume. Baba huyu aliona ya kuwa wasia haumhusu binti peke yake, kana kwamba mwana wa kiume huzaliwa akijua. Kwa hilo tu amekwisha kupiga hatua mbele.

Katika Utenzi wa Hati baba anamtaka binti yake akae kitini, aandike hati ya wasia. Umeona, msomaji? Kama kule Siu, mtoto ndiye anayeshika kalamu. Yamkini Shaaban Robert alifuata desturi ya tenzi za wasia, lakini mshairi hodari hafuati desturi kama kondoo. Huifuata kwa sababu ameona inamfaa. Ushauri wake ni juu ya ibada, adabu, ndoa na usemi, na mwingi wafanana na ule wa Mwana Kupona. Kilichozidi ni lile neno lenyewe, hati.

Watu wa Trans Nzoia hawahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, mashamba mengi yaliyokuwa ya walowezi yaligawanywa au kununuliwa kwa hisa, na ziko familia zilizongoja hati kwa miaka mingi. Mtu asiye na hati hulima huku akitazama nyuma. Mtu mwenye hati hupanda mti ambao yeye mwenyewe hatakula matunda yake. Shaaban Robert, karani asiye na mashamba makubwa ya kurithisha, aliyaita maneno yake hati. Maana yake, alimwambia mtoto: ulimwengu huu una sehemu iliyo yako, hakuna awezaye kukufukuza katika adabu yako, wala kuichoma moto elimu yako. Sijui njia iliyo bora zaidi ya kuunganisha kweli na tumaini katika neno moja. Kweli ni kwamba mtoto atahitaji ushahidi, kwa kuwa watu watamdai na kumdhulumu. Tumaini ni kwamba ushahidi huo waweza kuandikwa, tena kwa mkono wake mwenyewe.

Kutoka Tanga iko njia ya fasihi inayofika moja kwa moja mpaka kwetu. Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma, akakulia upande wa Kitale, na kufariki mwaka 2020, alitunga riwaya ya Siku Njema, iliyochapishwa mwaka 1996. Humo kijana Kongowea aliyelelewa Tanga na mama mwimbaji anasafiri hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Riwaya si shairi, nami naitaja kwa sababu moja tu: inatuonyesha gharama ya wasia usiosemwa. Neno ambalo mzazi angalilisema kwa dakika chache, mtoto analitafuta kwa safari ndefu, huku akidharauliwa njiani. Kunyamaza kwa mzazi, hata kukiwa kwa huruma, hakumwondolei mtoto mzigo. Humfanya aubeba bila kujua ndani yake mna nini. Na yafaa kukumbuka ya kuwa mwandishi huyo huyo alipoandika kumbukumbu za maisha yake, zilizotoka mwaka 2014, aliziita Nasikia Sauti ya Mama.

Huenda mwanafunzi wa Bungoma akasema, "Haya ni mambo ya pwani. Sisi tulikuwa na nini?" Jibu ni kwamba tulikuwa, na tunayo, sanaa kubwa ya kusema kweli mbele ya mtoto. Tazama tohara ya Wabukusu, ifanywayo katika miaka isiyo witiri, aghalabu mwezi wa Agosti. Kijana mwenyewe huenda akipiga njuga kwa jamaa zake kuwaalika. Alfajiri hupelekwa mtoni, akapakwa tope, na arudipo husindikizwa na wimbo wa sioyaye hadi uwanja wa nyumbani kwa baba yake, asimame mbele ya kisu bila kupepesa. Nyimbo za siku hizo hazimfichi kijana habari ya kisu. Hakuna amwambiaye ya kuwa hakiumi. Lakini anayeambiwa kweli hiyo kali haachwi peke yake: umati mzima unakwenda pamoja naye, na wanaume wanaoimba ni wale waliokwisha kusimama pale pale wakaishi. Kisu ndicho kweli yake, na umati ule ndio tumaini lake. Baada ya hapo hupewa mawaidha ya utu uzima.

Tena iko khuswala kumuse, hotuba itolewayo baada ya mazishi ya mzee mwenye heshima. Msemaji husimama katikati ya watu waliokaa kimya, akitembea huku na huku, akasimulia asili ya koo, akakemea maovu ya wakati, akawafariji wafiwa. Manguliechi, mmoja wa wasemaji mashuhuri wa Bungoma, alisikilizwa na maelfu ya watu. Ni wasia wa mzazi pia, ila mzazi hapa ni jamii nzima, na watoto ni wote waliokaa. Haumfichi mtu kifo, maana kifo ndicho kilichowakusanya. Lakini haumwachi mtu aondoke kabla ya kukumbushwa ya kuwa ukoo ulikuwako kabla ya kilio hicho na utakuwako baada yake. Mwana Kupona, kama angaliketi hapo akafasiriwa, naamini angaliielewa hotuba hiyo.

Ili tuone tofauti, tuvuke bahari mara moja. Mwaka 2016 mshairi wa Marekani, Maggie Smith, mama mwenye watoto wadogo, alitoa shairi liitwalo "Good Bones". Lilisomwa sana duniani mwaka ule ule, baada ya watu wengi kuuawa kwa risasi mjini Orlando. Mama katika shairi hilo anakiri ya kuwa ulimwengu kwa nusu yake ni wa kutisha, na ya kuwa anawaficha watoto wake jambo hilo. Anajifananisha na dalali anayemtembeza mnunuzi katika nyumba mbovu, akimwonyesha uzuri uwezao kupatikana humo. Ni shairi jema, tena lina ujasiri wa kukiri. Lakini angalia ni nani anayesemeshwa. Mama anasema na watu wazima wenzake. Watoto hawamo chumbani. Ukweli umebaki kwa wakubwa, na tumaini ndilo linalopelekwa kwa wadogo. Katika tungo zetu mtoto yumo chumbani, amekaa, na ana kalamu.

Sisemi kwamba njia ile ni mbaya na hii ni njema. Umri wa mtoto ni jambo kubwa. Mtoto wa miaka 4 ndani ya hema la mwaka 2008 hakuwa tayari kuandikishwa wasia. Yeye alihitaji blanketi na sauti tulivu. Mwana Hashima na binti wa Shaaban Robert walikuwa wamefikia umri wa kushika kalamu. Mzazi mwenye hekima ni dalali leo na mwusia kesho, na hekima yenyewe ni kujua siku ya kubadili. Kosa ni kubaki dalali hata mtoto amekuwa mtu mzima, akaja kugundua peke yake ya kuwa paa linavuja.

Basi ukikutana na shairi la mzazi kwa mtoto, liulize maswali matatu. La kwanza: mzazi huyu ameanza kwa kuisema hali yake mwenyewe, au amejificha nyuma ya mafunzo? La pili: mtoto amepewa kazi yo yote ndani ya shairi, au ametiwa kiti tu asikilize? La tatu: kuna nani aliyeachwa nje ya mlango, na kwa nini? Swali la kwanza litakuonyesha kama shairi lina kweli, na la pili kama lina tumaini. Swali la tatu litakuonyesha kazi iliyobaki, ambayo ni yako.

Ndilo jibu ninalompa yule msichana wa Kitale. Umesema vema ya kuwa mama huyu amesema kweli moja akaacha nyingine. Hakuna mzazi aliyepata kuzisema zote. Lakini mzazi anayejisumbua kumwonya mtoto juu ya ulimwengu amekwisha kuamini ya kuwa ulimwengu huo wastahili kukaliwa. Maana hakuna mtu apotezaye pumzi zake za mwisho kueleza njia ya kwenda mahali asipotaka mwanawe afike. Mwana Kupona alitumia pumzi hizo, na akaiacha kalamu mkononi mwa mtoto. Lete wewe nawe karatasi yako. Andika lile alilokwambia mzazi wako, lililo kweli. Na chini yake, kwa mwandiko wako mwenyewe, andika lile ambalo hakuliona.